Sola Ziko Nyuma

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu mliokaa mbele, shangazi na wajomba zangu, Fundi Umeme na wenzako, majirani wa kulia, wa kushoto na wa ng'ambo ya barabara, ndugu wageni waalikwa: karibuni nyumbani.

Kiti kile kitupu kando ya Baba ni cha Mama. Hajasusa. Yuko chumbani anachungulia mashine yake ya kutotolesha vifaranga, na ameniambia, "Wasalimie, kisha hotuba toa wewe. Si ndiye unayeongea peke yako bafuni?"

Mnamjua Mama kwa vifaranga. Nusu ya kuku wanaoparua bustani zenu walitoka chumba kile. Lakini nani kati yenu amewahi kumwona umeme unapokatika? Huzima redio, huifunika mashine kwa mablanketi yetu sote, kisha huilalia kwa shavu kama anayesikiliza homa ya mtoto. Mara ngapi tumemsikia akisema, "Mayai yamekuwa viza," akaenda kuyafukia peke yake nyuma ya nyumba? Mara ya mwisho alisema yakiharibika tena, anauza mashine. Na Mama akisema, amesema.

Ndipo tukamwita Fundi. Alipanda juu ya paa, akatazama, akashuka, akashauri paneli za sola zikae upande wa nyuma, kwa kuwa ghorofa la ng'ambo hulaza kivuli chake mbele kuanzia adhuhuri. Baba akakataa, na hapa sina budi kumtetea. Baba ameishi kwa kuchora mabango. Duka la dawa, saluni, gereji ya pale kona, herufi zote zile ni mkono wake. Kwake yeye, kisichoonekana barabarani hakipo.

"Huko nyuma nani ataziona?" alimuuliza Fundi.

"Jua, mzee."

"Jua halina mdomo wa kusimulia."

Mama alikuwa akichambua mboga. "Kizuri chajiuza, Baba Watoto."

"Hata kizuri huandikiwa bango, Mama Watoto. Watoto hawa wamekula mabango."

Zikawekwa mbele. Zilipendeza, nani atabisha? Wapita njia walisimama, na Baba akawaeleza mpaka koo likamkauka. Kisha jioni moja umeme ukakatika, na betri, iliyoshinda ikilishwa kivuli, ikakata pumzi kabla hatujala. Kulipokucha mayai yalikuwa baridi. Mama hakumlaumu mtu. Aliisafisha mashine, akaifuta, akaisogeza karibu na mlango, pale tunapoweka vitu vinavyosubiri mnunuzi.

Baba aliitazama pale ilipokuwa. Ninyi mnaoyajua magoti yake mtanielewa nikiwaambia kwamba alichukua ngazi mwenyewe, akapanda, akaanza kuhangaika na nati kwa spana isiyo saizi yake. Fundi alimkuta huko juu, jasho linamtiririka.

"Mzee, unafanya nini huko?"

"Nahamisha bango."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu mapenzi, vingine vizito hata mkoba wangu ukalalamika kuvibeba. Sijakuta humo maneno mawili yaliyonikaa moyoni kama hayo. Ni mara ngapi mtu huiacha imani ya maisha yake yote, bila kuhutubia, kwa ajili ya mayai ya mkewe?

Hata hivyo, mchoraji ni mchoraji. Mlipoingia mmeuona mshale mwekundu ukutani, na chini yake maandishi: SOLA ZIKO NYUMA. Mama aliposoma alicheka mpaka akashikilia geti. Siku hiyohiyo mashine ikarudi chumbani, mayai mapya yakaingia, na kwa hesabu ya Mama, leo ndiyo siku yao ya kuanguliwa.

Limebaki jambo moja. Umeme wa mtaa mzima ulikatika wakati tunapanga viti, na mpaka sasa haujarudi. Hamkujua, sivyo? Kipaza sauti hiki kinanguruma, feni ile inawapepea wazee, na kule chumbani taa ya mashine haijapepesa.

Namwona Mama ametokea mlangoni. Kitini haji. Ameweka kidole mdomoni, na anacheka kwa macho. Basi maganda yameanza kupasuka.

Fundi, mikono yako ibarikiwe. Baba, bango lako tumelisoma. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza. Sasa nazima kipaza sauti, tunyamaze kidogo, tuwasikilize wao.