Ugbad Bare, Aliyerudisha Mbuzi wa Mamake

Ugbad wangu anastaafu! Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na tatu katika ofisi ya probesheni, na hajawahi kuitwa kujieleza hata siku moja. Haya sasa, asalamu alaykum nyote. Wenzake wa hapa Garissa wameniomba niandike mimi mamake, Shamso, maana wao wangeona haya kumsifu inavyotakiwa. Mimi sioni haya. Darasa niliishia la nne, lakini kusifu najua.

Alianzia Lafey, akiwatembelea kwa miguu waliopewa kifungo cha nje, faili na tende ndani ya mkoba mmoja. Mahakimu kumi na mmoja wamekuja na kwenda, yeye yupo. Wachache waliomtoroka aliwafuata mpaka Kutulo.

Lakini kisa chake kikubwa ni changu. Miaka sita iliyopita, kijana Guled alinipora simu mchana kweupe nikiuza maziwa ya ngamia sokoni. Akakamatwa. Kabla ya kesi, wazee wa ukoo wake wakaja na maslaha, fidia ya kuyamaliza kikoo nje ya mahakama: simu yangu, na mbuzi juu yake, tena mwenye mimba. Nikapokea. Nani anakataa mbuzi mwenye mimba? Ugbad alipomkuta uani aliuliza ni wa nani, kisha akamfungua kwa mkono wake, akawarudishia wazee. Aliwaambia neno moja tu.

"Mbuzi hakuiba simu."

Walahi nilinuna siku nne. Kesi yenyewe hakuigusa, kwa kuwa mimi ni mamake. Alimwachia mwenzake Nunow. Hakimu akampa Guled kifungo cha nje, miezi sita ya kufagia soko lile lile, mbele yangu na mbele ya kila aliyemwona akikimbia. Wiki ya kwanza akina mama walimwuliza kama mbuzi atakuja kumshikia ufagio. Kufika wiki ya tatu alikuwa ananibebea mitungi bila kuambiwa. Leo ana tuktuk, na maziwa yangu hayapandi nyingine.

Najua mjini wanasema waporaji wote watiwe ndani, na Ugbad akiondoka kifungo cha nje kife. Wengine wanataka maslaha peke yake. Uchungu wao naujua, nimeporwa. Lakini ukoo ukilipa, mwizi hajalipa. Na akipelekwa jela ya mbali, aliyeibiwa anabaki na hasira yake tu. Ugbad ameapa kulisema hilo kwenye kikao cha mahakama, kitakachoamua kama kifungo cha nje kiendelee hapa, siku ile ile ya kumuaga.

Asanteni nyote mliomvumilia, maana mkaidi ni mkaidi, kanirithi mimi. Ugbad, hooyo, mwanangu, Mungu akupe afya, na asubuhi za kunywa chai bila kutazama saa.

Waliofagia soko waje, walioporwa waje, wasiokubaliana nasi waje pia. Maziwa analeta Guled. Uwanja wa ofisi, saa tatu asubuhi, Alhamisi tarehe 25 Juni.