Fundi Mmanga na Taa za Boti Ndogo

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bwana Mmanga Hamad, fundi mkuu wa karakana yetu ya mashine ndogo hapa Malindi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Mimi Nadra nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu meza yangu imepakana na yake, na kwa sababu wenzangu wote walipoulizwa waligeuka kuwa na shughuli nyingi.

Bwana Mmanga ni mzaliwa wa Tumbatu. Aliajiriwa mwaka 1991 kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, na haikuchukua muda akawa anafungua mashine ya boti na kuirudisha bila kubakiwa na skrubu mkononi, jambo ambalo baadhi yetu bado tunajifunza.

Kilichompa jina ni taa. Mwaka wake wa tatu kazini, boti ya jirani yao wa Tumbatu iligongwa alfajiri na meli ya mizigo. Jirani alinusurika na mguu uliovunjika. Mabaharia walisema hawakuona kitu, na kweli, boti haikuwa na taa hata moja. Mashine yake ililetwa kwetu. Mmanga alipolitoa lile gurudumu zito la juu, lenye sumaku kwa ndani, aliona chini yake koili ya kuwashia plagi upande mmoja, na upande wa pili patupu, matundu ya skrubu yakiwa tayari. Watengenezaji walikuwa wameacha nafasi ya koili ya pili, na sisi tulikuwa tunaitazama bila kuiona. Akasuka koili kwa waya wa shaba, akaifunga pale, akavuta nyaya mpaka kwenye globu. Gurudumu likizunguka, sumaku zinapita mbele ya koili na umeme unatoka.

Jaribio lilifanyika uani, mkia wa mashine ukiwa umetumbukizwa kwenye pipa la maji ili isichemke. Globu iliwaka vizuri, lakini mashine ilipoongezwa mwendo, globu ikapasuka. Zilipasuka nyingi kabla hajapata kifaa cha kuzuia umeme usizidi. Bi Bashira wa stoo alifika hatua ya kuzifungia globu kabatini na kutembea na ufunguo.

Sifa zilipoenea, alialikwa harusini Bububu, akaombwa aje na mashine, maana umeme ulikuwa unakatika kila jioni. Pipa likawekwa nyuma ya nyumba, na taa ziliwaka kweli. Lakini kelele zilizima taarabu nzima, na moshi ukaelekea jikoni. Bi Rahila, mama wa bibi harusi, mpaka leo anasimulia kwamba pilau ya mwanawe ilinuka petroli.

Kosa lake kubwa lilikuwa swichi. Taa za mwanzo alizifunga bila swichi, kwa makusudi, ili mvuvi asiweze kuzizima. Alisahau kwamba yeye mwenyewe ni mtoto wa wavuvi. Mvuvi gani wa Tumbatu atakubali kuwasha taa juu ya mwamba wake wa siri, wenzake waje kumkuta hapo kesho? Wakazivika ndoo, wakazifunga kanga, na moja ilirudi karakana imeungua pamoja na kanga yake. Alikasirika wiki nzima, kisha akaweka swichi na kuelewana nao: taa iwake njiani, mkifika kwenye samaki zimeni. Tangu hapo walikuja wenyewe, kutoka Tumbatu, Mkokotoni na kwengineko.

Asiyekuja alikuwa kaka yake wa tumbo moja, Bwana Ayoub. Hapa ndipo sote tulipomwona fundi wetu akiwa mnyonge. Ayoub alivua gizani bila taa kwenye mkondo uleule alikogongwa jirani, na mdogo mtu hamwamrishi mkubwa. Mmanga alikuwa akimpa shikamoo, anaitikiwa marahaba, na maneno yanaishia hapo. Safari moja Ayoub alileta mashine kufanyiwa huduma, na Mmanga akamfungia taa kimyakimya. Baada ya siku chache koili ilirudi mezani kwake, imefungwa vizuri kwenye gazeti, pamoja na salamu. Mke wa Mmanga, Bi Time, anatuambia kwamba kwa miaka yote hiyo mumewe, akishasali alfajiri, alipiga simu Tumbatu kuuliza bei ya samaki. Samaki hanunui huko. Alitaka tu kusikia kama kaka yake amerudi.

Mwezi huu, habari za kustaafu zilipofika Tumbatu, Bwana Ayoub aliingia karakana na mashine begani. Aliiweka chini, akasema mbele yetu sote: "Mmanga, mie nlikuwa najua upo. Nikitaka taa siku yoyote, nnakuja. Sasa unaondoka. Nifungie." Bwana Mmanga aliomba waya, nikamkatia mimi, akakaa kuisuka koili huku akijifuta macho na kuusingizia moshi, wakati hapakuwa na mashine hata moja iliyowashwa. Nami nililia, na sioni haya kuliandika.

Kwa niaba ya karakana, na ya wote wanaorudi nyumbani salama kwa mikono yako, tunakushukuru. Mungu akupe afya, akuzidishie umri wenye heri wewe na Bi Time. Meza yako tutaitunza, na globu Bi Bashira ameahidi kuzitoa kabatini.

Kapumzike, Bwana Mmanga. Kaka yako anaonekana.