Njiti ya Mama Mapafu

Ndugu waombolezaji, marehemu dada yetu, ambaye kazini walimbatiza Mama Mapafu na jina likamganda, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, kifungua mimba wa mshona viatu na mkunga, akasoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, alikohitimu kemia ya mwili mwaka 1996, na tangu hapo hakuna aliyekohoa nyumbani bila kupewa somo.

Tarehe 1 Februari 1997 aliajiriwa maabara, akawa anapima mafuta katika mapafu ya panya waliopewa dawa moja ya saratani, akagundua kwamba dawa ile huvuruga utando mwembamba wa mafuta unaozuia vifuko vya hewa visishikamane, tena mapema, kabla mnyama hajaanza kuhema kwa shida, akaandika ripoti, akaomba wagonjwa wapimwe pumzi kabla ya kila dozi, mkuu wake akamjibu kwamba panya si watu, na ripoti ikalala kabatini hadi leo.

Alifunga ndoa na seremala tarehe 14 Agosti 1999, wakajaliwa mabinti wawili, ndio hao hapo mbele.

Juni mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya tezi za limfu, na dawa iliyokuwapo ilikuwa ileile ya panya, akaikubali kwa sababu alitaka kumwona binti mdogo akimaliza shule, na kwa kuwa kliniki hawakumpima pumzi, kabla ya kila dozi mumewe alimshikia njiti ya kiberiti inayowaka, umbali wa kiganja, naye akaizima kwa pumzi moja, wakacheka, wakaondoka. Mwezi Novemba njiti haikuzimika, na dada yetu, aliyewahi kumfukuza msaidizi kwa kupika takwimu, akasogeza uso mpaka moto ukazimika, akasema twende. Mumewe aliona, akampeleka, maana naye alitaka apone.

Saratani iliisha, na tuliambiwa tushukuru. Mapafu yakakakamaa, akafariki tarehe 22 Februari mwaka huu akiwa ameketi kitandani, kwani kulala kulishamshinda.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani mliotuletea viti, na wafanyakazi wenzake kwa shada kubwa kuliko yote. Mkuu wa maabara, tumekuona, asante kwa kuja. Ulisema panya si watu. Huyu hapa mtu, fungua kabati.

Mama Mapafu, dada yetu, pumzika kwa amani.