Kisima Chenye Kufuli Mbili

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Ndugu Wakurugenzi, wakulima wetu, wageni waalikwa, nawe shemeji uliyetuazima mumeo miaka yote hii: hamjambo? Shemeji, leo tunakurudishia, ingawa kachakaa kidogo.

Nasimama hapa kwa niaba ya Mamlaka ya Maji ya Mji. Anayestaafu ni Meneja wa Umwagiliaji, yule mnayemwita Bwana Kufuli. Zamani ofisi zetu zilikuwa paka na panya. Sisi tukichimba kisima, wao wanachimba kirefu zaidi. Maji yakishuka, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Kumbe chini ya ardhi maji ni yale yale! Ndipo tukakubaliana: kisima cha akiba pale mpakani kitiwe kufuli mbili, yao na yetu, na maji yakishuka chini ya alama nyekundu, asifungue mtu.

Kukubaliana ni rahisi mvua ikinyesha. Ule mwaka wa ukame, nani kausahau? Mjini kwangu ndoo zilijaa foleni kuliko watu. Kwake wakulima walifurika getini, na mbele yao kaka yake wa tumbo moja, vitunguu vyake vinakauka shambani.

"Mdogo wangu, fungua kufuli yenu. Ufunguo si unao?"

"Ninao, kaka. Lakini maji yameshuka chini ya alama. Kamba hii hapa, pima mwenyewe."

Kaka hakuishika kamba. Vitunguu vikafa vyote, na kwa muda mrefu hakuitikia hata salamu ya mdogo wake. Bwana Kufuli, aliyezoea kula mchana kwa kaka yake, akawa anakula ofisini peke yake. Iliniuma kumwona.

Majirani zetu ng'ambo ya kilima walivuta mpaka tone la mwisho. Leo visima vyao vinatoa maji ya chumvi. Vyetu, mvua iliporudi, vilijaa. Je, hiyo ni bahati?

Ndugu Meneja mpya, najua wapo wanaokushawishi uchongeshe na ufunguo wa kufuli yetu, eti kurahisisha kazi. Jibu la hilo halitatoka kwangu. Utaratibu unataka anayestaafu ndiye akabidhi ufunguo, lakini jana mtu mmoja alikuja ofisini kwangu akaomba kazi hiyo aifanye yeye.

Kaka mkubwa, simama. Ufunguo uliokunyima maji huu hapa, mdogo wako kaniachia nikupe. Mkabidhi kijana, umwambie kwa nini uko mmoja tu.

Kwa masikio yenu na subira yenu, nasema asanteni sana.