Kioo cha Kinyozi, Betri ya Mstaafu

Benchi letu liko kati ya kibanda cha kinyozi na duka la vipuri vya baiskeli, na kila asubuhi hapo hutatuliwa matatizo ya dunia nzima, isipokuwa ya waliolikalia. Jana tatizo lilikuwa la Mchoraji, yule anayechora ramani za nyumba. Kompyuta yake ya mpakato imekufa tundu la chaji. Fundi kaigeuza, kaipuliza, kasema tundu limeungwa na mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, na ganda lote limebanwa kwa gundi, kwa hiyo kubadili tundu ni kubadili kompyuta. Dukani zimebaki mbili: moja nyembamba inayong'aa, bei nafuu, gundi tupu kama ile marehemu, nyingine inafunguka kwa bisibisi moja na kila kipande kinauzwa peke yake, ila bei yake inauma. Muuzaji anataka jibu kabla ya mchana. Na kuna mama ambaye ramani yake imefika nusu, iko kwenye flashi, huku wachimba msingi wake wameegemea majembe. Mchoraji alitaka ushauri. Maskini, akaja kwetu.

Wa kwanza alikuwa Mstaafu, ambaye enzi zake ofisini alipewa kompyuta akaifunika kitambaa mpaka siku ya kuagwa.

— Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu, alisema. Kitu kinachotengana vipande kina nguvu gani?

— Mzee, kinatengana nikitaka mimi. Kibodi ikifa nabadili kibodi. Siziki kompyuta nzima kwa sababu ya herufi moja.

Kinyozi akatoka na mashine mkononi, mteja kabaki ndani na nusu ya nywele. Alisema mashine hiyo ameibadilisha kisu, waya na mota, na bado inanyoa kama siku aliyofungua kibanda. Lilikuwa jambo la kwanza la maana kusemwa hapo mwaka huu, kwa hiyo tukamkatiza haraka.

Aliyewahi ni Shemeji. Tunamwita hivyo kwa sababu kwake kila mtu ni shemeji, hata askari wa barabarani.

— Shemeji, alimwambia Mchoraji, kama inauzwa vipande, unainunuaje peke yako? Kidole kimoja hakivunji chawa. Kila mtu alipie kipande chake.

Hapo Mchoraji angesimama akaondoka. Lakini ile bei ilikuwa imemkaba, na mfa maji haachi kutapatapa. Akakaa.

Kinyozi akachukua kioo, kwa kuwa vioo ndiyo fani yake. Mstaafu, ambaye kwake muda mfupi uliopita utengano ulikuwa udhaifu, akachagua betri ili nguvu zote zitoke kwake. Shemeji akataka kamera, awaone wanaoitumia vibaya. Mimi nikachukua kibodi. Msinicheke: ukiwa umezungukwa na wenye vipande na wewe huna, utachukua hata skrubu.

— Na diski? Mchoraji akauliza. Humo ndimo kazi inamohifadhiwa.

— Ina ukubwa gani? akauliza Kinyozi.

— Kama kidole.

— Na ikiwashwa haionekani?

— Iko ndani, itaonekanaje?

Hakuna aliyeitaka. Mtu utawaonyesha nini nyumbani?

Kisha tukaingia kwenye kanuni. Kinyozi akasema siku za mpira kioo kitashinda kwake, wateja wapate kuangalia. Mstaafu akasema betri italala kwake, na kwa kuwa yeye hulala mapema, kazi za watu zikome jua likizama. Ukipenda boga, upende na ua lake. Shemeji akapitisha kwamba atakayeudhiwa ana haki ya kung'oa kipande chake papo hapo, akaongeza kuwa ndoa nyingi zingepona kwa utaratibu huo. Mimi nikatangaza kwamba atakayenisema vibaya hapati irabu. Simu ya muuzaji ilikuwa inaita mkononi mwa Mchoraji na yeye haipokei. Nilimwonea huruma, lakini si kiasi cha kuachia kibodi.

Ndipo akatokea yule mama mwenye ramani, viatu vimejaa udongo wa shimo lake la msingi. Mstaafu akamkaribisha, akamweleza kwa fahari nani ana nini. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

— Ahsanteni, baba zangu, alisema. Sasa ramani ya nyumba yangu itakaa kwenye kipande cha nani?

Kinyozi akakumbuka kwamba ana mteja. Mstaafu akachungulia ndani ya kikombe chake cha chai. Shemeji akainama kufunga kamba za viatu, bila kumwita mtu shemeji. Mama alingoja kwa adabu, kisha akamgeukia Mchoraji.

— Mwanangu, wachimbaji wamenipa mpaka kesho, kisha wanahamia kwa mwingine. Niambie tu kama na mimi nimtafute mwingine.

Mchoraji akapokea simu.

— Niwekee ile ya bisibisi, alimwambia muuzaji. Memori weka ndogo kabisa bei ishuke, nitaongeza mwenyewe nikipata. Na kwenye risiti andika jina moja.

Wakaondoka pamoja kuelekea dukani, mama mbele. Kibodi yangu ikaenda hivyo hivyo, hata sijaigusa, na ukweli ni kwamba iliniuma.