Mkataba wa Tatu wa Daktari

Kijiwe chenyewe ni benchi refu nje ya kibanda cha Fundi Simu, na kahawa huchemka hapo tangu alfajiri. Asubuhi hiyo Daktari alikaa pembeni kabisa, macho mazito kwa kukosa usingizi. Huyu hatibu watu. Udaktari wake ni wa vifaa vidogo mno, vinavyotunza kumbukumbu kwa sumaku ya chembe za umeme. Amepata nafasi ya utafiti ng'ambo, miaka miwili, ya tatu tangu ahitimu. Jibu linatakiwa leo. Kwenda hataki, kubaki bila kazi hawezi. Amechoka, basi.

— Nenda, alisema Breki, dereva mstaafu. Mtu haitwi mara tatu kama kichwani hamna kitu.

— Anaitwa mara tatu kwa sababu hawamwajiri! alidakia Fundi Simu. Kwani hizo chembe zako zinafanya nini hasa?

— Kila moja ni kama kisumaku, alijibu Daktari. Kinaelekea juu au chini. Tunakigeuza, halafu tunaangalia kama kinakumbuka.

— Juu, chini. Miaka yote hiyo? aliuliza Fundi Simu.

— Vumbi kidogo likiingia, kazi ya miezi imekwenda na maji.

— Si ndiyo hiyo sasa! Breki alipiga goti. Mwajiriwa wa kudumu ana nyumba, nyumba ina vumbi. Hawatakuajiri ng'o.

— Hamna lolote, alisema Fundi Simu. Wanaogopa akitulia atatengeneza simu isiyoharibika.

— Kumbe wewe ndiye uliyemroga, usikose wateja!

— Nyie chekeni tu, alisema Fundi Simu. Wanamfanya kama yeye anavyozifanya chembe. Wanamgeuza huku na huku, waone kama atakumbuka kwao.

Daktari alicheka, ila kicheko kilimuuma.

Hapo kijiweni jambo likishindikana hupigiwa kura kwa vikombe. Kikombe wima ni ndiyo, kilichofunikwa ni hapana. Breki akaweka chake wima, Fundi akafunika. Kikabaki cha Daktari, bado kina kahawa, bado kimo mkononi.

Ndipo mkewe akatokea, futi ya ushonaji shingoni.

— Karibu, shemeji, walisema wote wawili, wakisogea.

— Ahsanteni. Nina swali moja tu. Tukimfuata huko, miaka miwili ikiisha, tunarudi wapi?

— Shemeji, hilo... Breki alianza. Fundi Simu akainamia simu iliyokuwa imezimika.

— Nauliza nijue. Cherehani ya kwanza niliiuza tukasafiri, ya pili nikaigawa. Hii ndiyo kwanza imeanza kupata wateja.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Daktari. Kwenye usaili maprofesa walimbana kila upande, akajibu bila kigugumizi. Sasa alikitazama kikombe chake.

— Sijui, mke wangu.

Mkewe akaketi karibu naye, akakichukua kikombe, akanywa kahawa iliyobaki, kisha akamrudishia mkononi kikiwa kitupu, tayari kuwekwa wima au kufunikwa.