Mzee Murhula na Mlango wa Mashua Usiokaa Mahali Pamoja

Wapendwa mliofika kwa miguu, kwa gari na kwa mashua kutusindikizia mzee wetu, mimi ni Moïse, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, tena imenionya nisiongeze chumvi, onyo ambalo marehemu mwenyewe hakulifuata hata siku moja.

Mzee Fidèle Murhula alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, akiwa mtoto wa pili kati ya saba, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi mwaka 1968, kisha akaenda sekondari Bukavu, ambako aliacha masomo mwaka wa tatu, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu kila walipomtafuta darasani walimkuta ziwani. Mwaka 1981 alihamia Bujumbura, akaanza kwa kutengeneza injini bandarini, na tarehe 2 Februari 1987 akapata kazi kwenye kituo cha mashua za starehe, kazi aliyoifanya mpaka mwili ulipomkatalia.

Tarehe 10 Agosti 1985 alifunga ndoa na Rosette, aliyekuwa akiuza vitenge Gatumba, na Mungu akawajalia watoto wanne, wa kwanza akiwa Christa, aliyezaliwa tarehe 5 Juni 1990, na huyo ndiye aliyerithi ugonjwa wa kupenda maji.

Wanaoujua mlango wa kituo kile, yaani njia ya maji ya kutokea ziwani, wanajua kwamba hautulii, mito inashuka na mchanga wa milimani, mvua moja inahamisha fungu zima, na palipopita mashua asubuhi, jioni wanapita ndege wakitembea. Kwa hiyo marehemu alipima kina kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, kila safari, hata kama alikuwa ametoka kupita hapo hapo, na Christa alipomuuliza kwa nini anarudia, alimjibu, "Mutoto wangu, njia ya jana ilikuwa ya jana." Christa alijifunza ubavuni mwake miaka mingi, akitamani jambo moja tu, kwamba ipo siku baba yake atamwacha avuke mlango ule bila kutia mkono wala mdomo.

Siku hiyo ilifika Jumamosi tarehe 16 Julai 2016, alipokabidhiwa mashua iliyobeba bibi harusi na wasimamizi wake, na ilikwenda vizuri mpaka alipomwona kiboko. Waendesha mashua wa hapa wana mazoea ya kumtazama kiboko, kwa kuwa hutembea chini ya maji, na akionyesha masikio tu wanajua pana kina, basi Christa akaona masikio, akaacha upondo, akaelekea upande huo, mashua ikapanda juu ya mchanga ikanasa, kwa maana kiboko yule hakuwa amesimama, alikuwa amelala kwenye maji mafupi. Hakuna aliyethubutu kushuka kusukuma, bwana harusi akangoja ukumbini na jasho lake, hadi mnyama alipoamua mwenyewe kuondoka. Marehemu alikasirika, na hasira ilipopoa alisema tu, "Kiboko naye anachokaka," yaani hata kiboko huchoka akalala, lakini tangu siku hiyo alikaa nyuma ya binti yake kila safari, akimsahihisha, na Christa alilia zaidi ya mara moja, tunajua.

Mwaka 2022 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo. Tarehe 3 Mei 2024 hali yake ilibadilika ghafla, wakati ziwa limejaa na barabara ya hapa Kibenga imezama, majirani wakambeba juu ya kiti hadi kwenye mashua, Mama Rosette akamlaza mapajani, na Christa akashika usukani kumpeleka mjini. Maji mlangoni yalikuwa ya rangi ya udongo, mafungu hayaonekani, na kukwama siku hiyo kulikuwa ni kumpoteza baba, kwa hiyo akapunguza injini, akachoma upondo kushoto, akachoma kulia, akingoja kukemewa kama kawaida, na kimya kilipozidi akaogopa kugeuka, akauliza, "Mama, Papa iko?" Mama akamjibu, "Analala. We hausikie anakoroma?"

Walifika salama, madaktari wakamrudisha kwetu, akaishi miezi minane zaidi akimtangazia kila mgeni, "Mi nililala mu mashua ya Christa," kwa majivuno ambayo wengine huyaweka kwenye diploma, na Christa akisikia alijifanya ana shughuli jikoni. Mzee Murhula alituacha Jumapili tarehe 19 Januari 2025, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na nane, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kibenga ambao viatu vyao vilibaki kwenye matope siku ile, wafanyabiashara wenzake Mama Rosette wa Gatumba, na wenzake wa kituoni, waliosimamisha injini zote asubuhi ya leo. Papa Christa, umetufundisha kupima kabla ya kupita, na usukani una mtu.

Pumzika kwa amani.